Kamati ya Kuwaokoa Watoto na Video

Wazazi wa mtaa wetu hapa Kibaoni, Ifakara, wana grupu la simu la kujadili madhara ya simu. Wanaamka nalo na wanalala nalo. Mama mmoja anaandika kwamba watoto wa leo hawaondoi macho kwenye kioo, na ukipita kwake utamkuta barazani kainamisha shingo, maharage yanaungua jikoni, mtoto kasimama pembeni anasubiri simu iishe chaji ndipo aombe sabuni ya kuogea. Baba mwingine anatuma sauti ndefu kulaani wanaotuma sauti ndefu. Nimo humo kwa sababu na mimi ni mzazi, na kwa sababu sijapata kuchekeshwa bure namna hii tangu nizaliwe.

Majuzi grupu lilipitisha azimio. Mtoto yeyote atakayekutwa na simu, mtu mzima yeyote aliye karibu amnyang'anye, amwadhibu anavyoona inafaa, kisha ampeleke kwa wazazi wake. Madole gumba yakafuatana mpaka simu yangu ikapata moto. Sikuweka dole. Azimio hilo nalifahamu. Nililisikia nikiwa mtoto, miaka ya tisini, likisomwa na baba yangu mzazi kwa sauti ya kuimba, tofauti ni kwamba wakati ule adui hakuwa simu. Simu ilikuwa posta, imefungwa kwa waya, haikuwa na uwezo wa kumpotosha mtu. Adui alikuwa video.

Video ililetwa na mtu mmoja aliyekuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari. Alishuka kwenye lori na televisheni iliyoviringishwa blanketi kama mgonjwa, deki moja, jenereta, na mfuko wa kanda. Akajenga banda la mabanzi, akaezeka nyasi, akaning'iniza turubai mlangoni, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukanuka moshi wa petroli. Picha zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na za karate, ambamo watu walipigana, wakapumzika kidogo, wakapigana tena, na kulikuwa na za Kihindi, ambamo watu waliimba, wakalia, wakaimba tena. Mwenye banda alisimama pembeni ya televisheni akieleza kwa Kiswahili nani ni stelingi na nani ni adui. Kwa kuwa lugha za kwenye kanda hakuijua hata moja, alitunga. Ukubwani nimekuja kuziona baadhi ya picha zile na maneno yake halisi. Ya mwenye banda yalikuwa bora zaidi.

Watoto wa Kibaoni tukaacha kutembea, tukawa tunaruka teke. Ndoo za maji zilimwagika njiani na kuku walipigwa ngumi bila kosa. Hayo wazazi waliyavumilia. Kilichowachoma moyo ni mtoto mmoja wa darasa la pili aliyekutana na shangazi yake njiani, na badala ya kusema shikamoo akaunganisha mikono kifuani na kuinama Kichina. Shangazi alitembea nyumba kwa nyumba na habari hiyo mpaka jioni, akiongeza chumvi kila mlango. Kesho yake ikaundwa kamati.

Baba yangu alikuwa karani kwenye ghala la mpunga, na alikuwa na sauti. Wengine hujaliwa nguvu, wengine hujaliwa shamba zuri. Yeye alijaliwa sauti, na mtu mwenye sauti kama ile hakosi kazi kwenye kamati. Wakamfanya katibu. Kikao cha kwanza kilijadili jina la kamati. Kilichofuata kilijadili kama wajumbe wapewe soda. Kingine kikaona kwamba haiwezekani kupambana na kitu usichokijua, kwa hiyo kamati nzima iende bandani kufanya ukaguzi.

Walikwenda mchana wa Jumamosi, watu wazima pekee, makoti yamefungwa vifungo vyote, wakaketi benchi la mbele bila kiingilio. Watoto tulitolewa nje. Mwanzoni tulisikia kimya cha watu wenye wajibu. Baadaye kidogo tukasikia mtu akisema, "Mpige huyo, mpige," na sauti ile sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Picha ilipokwisha hawakutoka. Waliomba iwekwe nyingine, ili ukaguzi usiwe wa upande mmoja.

Baba alirudi nyumbani macho mekundu kwa moshi.

"Hatari tupu," alimwambia mama.

"Hatari gani?"

"We acha tu, mama watoto. Hatari." Akaketi, akamsimulia picha yote tangu mwanzo, na alipofika kwenye mapigano ikabidi asimame ili aonyeshe vizuri.

"Kwa hiyo huyo adui akafa?" mama akauliza, amesahau kabisa kwamba alikuwa anasonga ugali.

"Bado. Kuna sehemu ya pili. Kesho tunarudi kukagua."

Wakakagua mpaka kanda zikaanza kujirudia. Hapo ndipo kamati iliporidhika kwamba video ni hatari, na mkutano wa wazazi ukaitishwa darasani, wanaume kwenye madawati, wanawake mkekani nyuma. Baba alisimama, akakohoa, akasoma: mtoto yeyote atakayeonekana video, au karibu na video, mtu mzima yeyote amkamate, amchape, na ampeleke kwao akachapwe tena. Watu walipiga makofi. Nilikuwa dirishani na wenzangu tukichungulia, na mimi nilipiga makofi pia, kwa kuwa aliyesoma alikuwa baba yangu na alikuwa amesoma vizuri.

Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake si muda mrefu, akanyoosha mkono. Aliuliza watoto wake wanaopitisha ng'ombe mbele ya banda kwenda mto Lumemo kunywa maji wafanyeje, wafumbe macho? Watu walicheka lafudhi yake kwanza, halafu wakagundua kwamba swali ni gumu. Lilijadiliwa muda mrefu kuliko azimio lenyewe. Mwishowe kamati iliwaruhusu ng'ombe kupita, mradi watoto watembee upande wa pili wa ng'ombe.

Hakuna aliyeuliza huyo mtu mzima yeyote ni nani. Swali kama hilo lisingeweza kumjia mtu kichwani, kwa sababu kwetu mtoto alikuwa wa kutumwa. Mtu mzima, hata mpita njia usiyejua kwao wapi, alisema "we mtoto, hebu njoo," nawe ukaenda, ukamwamkia, ukapokea chupa yake ukakimbia kumnunulia mafuta ya taa. Kuuliza kwa nini ilikuwa utovu wa adabu. Kukataa sijui kuliitwaje, maana sikuwahi kumwona mtoto aliyejaribu. Wageni wakija kutoka miji mikubwa wakasema watoto wa Ifakara wana adabu, wazazi wetu walivimba vichwa.

Kisha mpunga ukaanza kutoa masuke. Anayelifahamu bonde la Kilombero anajua kinachofuata. Mashamba yako mbali, ndege na nguruwe pori hawana subira, kwa hiyo wakubwa wanahamia shamba, wanajenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na wanakaa huko mpaka mavuno. Watoto wa shule wanabaki mjini. Shamba letu lilikuwa upande wa kijiji cha Mbingu, na ya wenzetu wengi yalikuwa hukohuko. Kwa hiyo kamati ya kuwaokoa watoto na video ilipanda malori, ikaenda kufukuza ndege. Mjini waliacha watoto, video na azimio.

Lakini azimio halikuachwa bila mtekelezaji. Walimwachia fundi cherehani. Huyu hakulima kwa sababu ya mguu mbovu, na cherehani yake ilikaa barazani ikitazama barabara, kwa hiyo hakuna kilichopita asikione. Sare za shule za mtaa mzima alishona yeye. Zaidi ya yote alijua kuitikia. Ukimwamkia, alisimamisha cherehani, akavua miwani, akasema, "Marahaba mwanangu, marahaba sana, umeshindaje?" kana kwamba siku nzima alikuwa anakungoja wewe. Wazazi walimpenda kwa hiyo marahaba. Nimejiuliza mara nyingi walimpima kwa kipimo gani kingine, na sijapata jibu. Mtu anaitikia vizuri, basi ni mtu mzuri, mkabidhi watoto.

Mimi nilikuwa darasa la sita, mdogo wangu wa kike darasa la tatu. Mama alituachia unga, dagaa na maonyo. Baba alituachia maonyo.

Mdogo wangu alikwenda video. Nalisema mapema ili nisionekane namtetea kwa uongo. Alikwenda na wenzake baada ya shule, wakapenya chini ya turubai upande wa nyuma, na picha yenyewe ilikuwa ya Kihindi, ya mama aliyepofuka akimtafuta mtoto wake. Alitoka analia. Fundi alimwona akipita na macho yamevimba, akaelewa ametoka wapi.

Kwa mujibu wa azimio alipaswa kumshika sikio na kumchapa hapohapo barabarani. Hakufanya hivyo. Alimwita kwa upole, akamwambia, "Nimekuona. Ila mimi si mtu wa kusema. Hii iwe siri yetu."

Kesho yake akamtuma maji. Baadaye akamtuma kumwoshea vikombe. Baadaye akawa anamwita kila akitoka shule aje amtungie uzi kwenye sindano, eti macho yake yamechoka, na siku nyingine akamzuia mpaka wateja wote wameondoka. Mdogo wangu akikunja uso, fundi alimkumbusha kwamba baba atarudi siku moja, na atauliza. Mtaa mzima ulimwona akiingia na kutoka, na mimi nilimwona, na hakuna aliyeshangaa. Mtoto ametumwa na mtu mzima, kuna nini hapo? Jirani mmoja hata alimsifu, akasema huyu mtoto amelelewa.

Ngoja niseme wazi ninachokiamini. Fimbo ile ya kumtishia mdogo wangu fundi hakuichonga mwenyewe, alipewa na kamati. Kama si azimio, angemtishia mtoto wa darasa la tatu kwa kitu gani? Siku hizi redioni wanaletwa watu wa kufundisha wazazi jinsi ya kuwalinda watoto mitandaoni, na wanazungumzia namba za siri na namna ya kuzuia picha chafu, nami sina ugomvi na hayo, fanyeni. Lakini mtu mbaya wa kwenye simu na mtu mbaya wa kwenye cherehani wanahitaji kitu kilekile, yaani jambo ambalo mtoto anaogopa kumwambia mama yake. Baba na wenzake walikaa vikao wakalitengeneza jambo hilo kwa mikono yao, wakanywa na soda juu yake.

Siku moja tulikuwa tunachambua dagaa, mdogo wangu akaniuliza, "Dada, ukishapigwa kwa kosa, halafu mtu akaja akalisema tena lilelile, unapigwa tena?"

"Hapana. Si umeshapigwa."

"Hata akisema mtu mkubwa?"

"Hata akisema nani. Limeshaisha."

Akanawa mikono na kuzunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia tawi la mpera linavunjika. Nilidhani anatafuta kuni.

Mchana huohuo baba na mama walishuka kwenye lori bila taarifa. Walikuwa wamefuata magunia, warudi kesho yake. Mama alikuwa bado na mzigo kichwani mdogo wangu alipotoka ndani na fimbo mkononi. Alikuwa amechagua nyembamba, maana mjinga hakuwa. Akapiga magoti.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nilienda video. Nipigeni."

Sijapata kumwona mtu amekasirika na kufurahi kwa wakati mmoja kama baba siku ile. Sauti ilimtoka yote. Alianzia kwenye adabu, akapita kwenye malezi ya zamani, akafika kwenye taifa la kesho, na majirani wachache waliokuwepo mjini wakasogea kusikiliza, kwa kuwa ilikuwa bure na ilikuwa nzuri.

"Mama watoto, unaona?" alisema. "Azimio linafanya kazi. Mtoto anakiri mwenyewe bila kuulizwa."

Mama alikuwa ametua mzigo. Alichuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mdogo wangu.

"Ulienda lini?"

"Zamani."

"Sasa mbona unasema leo?"

"Nipigwe iishe."

"Iishe nini?"

"Fundi asiwe na cha kusema."

Baba alikuwa ameshaivuta fimbo. Mama akaishika upande wa pili bila kumtazama.

"Fundi anasema nini, mwanangu?"

Ndipo likatoka lote, maji, vikombe, uzi, siri. Alilisema akitazama chini, haraka haraka, kama anayesoma jedwali la kuzidisha. Mwisho akasema fundi amemwambia leo aende jua likizama, apite mlango wa nyuma, asimwambie dada yake. Asipokwenda, baba ataambiwa.

Mimi nilianza kulia bila kujua hasa ninalia nini, maana nilikuwa mtoto na hata hivyo nilielewa. Baba alisimama mdomo wazi. Nilimngojea. Nilingojea ile sauti, ambayo ilikuwa imesikika mpaka ghalani kwa ajili ya picha ya Kihindi, isikike sasa kwa ajili ya mtoto wake.

"Tusichanganye mambo," alisema. "Kwanza tumalize hili la video."

Nilimchukia. Baadaye nilimpenda tena, ni baba yangu, lakini dakika ile nilimchukia kwa moyo wote na sitaki kulipunguza.

Mama alijifunga kanga kiunoni, akamshika mdogo wangu mkono, nami nikafuata, na majirani nyuma yetu, wakiwa wameona leo kuna picha isiyo na kiingilio. Fundi alikuwa barazani anashona. Mama alianza kwa salamu, kwa sababu kwetu hata nyumba ikiungua mtu anasalimia kwanza.

"Habari za hapa, fundi."

"Nzuri, shemeji. Karibuni. Poleni na shamba."

"Tumeshapoa. Ulimwambia mwanangu aje hapa leo jioni?"

Akasimamisha cherehani. "Ananisaidia kazi ndogo ndogo, shemeji. Si mliniachia niwaangalie? Namlea."

"Unamlea kwa mlango wa nyuma?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaitazama, akaivaa. "Watoto nao," alisema. "Unamwambia hivi, yeye anasikia vile. Kwani huyu si ndiye anayekwenda video?"

Hapo ndipo nilipoliona azimio letu lilivyokuwa na nguvu. Mtu aliulizwa habari za mlango wa nyuma, akajibu habari za video, na watu wote waliosimama barabarani wakageuka kumtazama mdogo wangu. Mmoja akasema, "Ehee, kumbe."

Sauti ya mama haikuwa kubwa, lakini ilivuka barabara. "Wanangu hawatumwi na huyu mtu," alisema. "Maji, uzi, hata kumpisha njia. Atakayewaona kwake aje aniambie mimi."

Kamati ikakaa siku ya tatu, wale waliokuwa mjini na wengine waliofuatwa shamba kwa baiskeli, darasa lilelile. Fundi alipewa kiti. Mdogo wangu alisimamishwa. Fundi akaeleza kwamba alikuwa anatekeleza azimio kwa busara, na kwamba badala ya kumchapa mtoto wa watu aliona ni vyema kumfundisha kazi. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, akina baba hasa. Mwenyekiti alisema kosa la mtoto limethibitika kwa mdomo wake mwenyewe, bali la fundi halijathibitika, kwani hakuna kilichotokea. Walilirudia hilo, hakuna kilichotokea, wakawa kama wanasikitika kidogo kwamba wameitwa bure. Wakaamua banda la video lifungwe mpaka likaguliwe upya, na wajumbe wawili wakajitolea kulikagua hata kesho. Kuhusu fundi, waliamua kumshauri kwamba akiwa na shughuli na watoto, atumie mlango wa mbele.

Baba aliyaandika yote hayo. Nilimwona kalamu inakwenda.

Mama alisimama kutoka mkekani. "Mwenyekiti, mimi natoka kwenye azimio lenu."

"Mama, kwenye azimio hakutokwi," mwenyekiti alisema. "Limeshapita."

"Basi limepita bila mimi." Akapita katikati ya madawati, jambo ambalo wanawake hawakulifanya, akamshika mdogo wangu mabega. "Wewe nisikilize. Ukienda video, uniambie mimi. Ukivunja kitu, ukiiba, mtu akikupa kitu akasema usiseme, uniambie mimi. Ukifanya baya kuliko yote, uje kwangu kwanza. Sikupigi."

Darasa liliguna. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba hivi ndivyo watoto wanavyoharibika, na mwingine akauliza sasa mtoto asipopigwa atajuaje kwamba amekosea. Swali hilo lilionekana la maana, wakaanza kulijadili, na walikuwa bado wanalijadili tulipofika mlangoni. Baba akafunika kalamu, akatufuata. Kwa mtu kama baba kutoka kikaoni kabla ya mengineyo si jambo dogo.

Tulipokaribia nyumbani mama akasema, "Mimi sirudi shamba."

"Na ndege?"

"Una sauti."

Fundi hakuhama wala hakushtakiwa. Aliendelea kushona barazani kwake, na watu waliendelea kusifu marahaba yake. Sare zetu mama alizipeleka mtaa wa Lumemo kwa fundi mwingine, mwendo mrefu kwenda na kurudi, na akipita mbele ya baraza lile hakusalimia. Baada ya muda baba, ambaye angemsalimia hata mwizi aliyemwibia baiskeli, naye akaacha. Kwa mtaa wetu hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko zote zilizotolewa na kamati. Haikutosha hata kidogo. Watoto wa wengine waliendelea kutumwa pale, na kila nikiwakumbuka hasira inanipanda upya.

Jioni ya siku ile ya mkutano tulikaa jikoni, mama anakata matembele, mimi nachochea moto, baba yuko mlangoni anajifanya anafunga kamba kwenye magunia.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Video nilienda mara mbili."

Mkono wa mama ulipanda wenyewe. Haukumwomba ruhusa, ulipanda kama ulivyozoea kupanda miaka yote, kiganja wazi, ukafika usawa wa bega, ukasimama. Baba akakohoa pale mlangoni, akafungua mdomo, mama akamtazama, akaufunga. Halafu mama akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaushusha taratibu, akachukua kisu.

"Hiyo ya pili," alisema, "ilikuwa inahusu nini?"

Mdogo wangu aliukazia macho mkono mpaka ukarudi kukata mboga. Ndipo akaanza kusimulia.